Umetoa, Lakini Umetoa cha Nani?



Jumapili iliyopita tulisoma habari za Boazi katika kitabu cha Ruthu, sura ya 2, na ujumbe ulikuwa kwamba mtu anaweza kumtumikia Mungu akiwa shambani kwake au dukani kwake, si lazima awe ameshika maikrofoni. Watu walisema amina. Tulipofunga ibada nikasimama mlangoni kusalimia, na mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi karai, akanishika mkono akaniuliza swali ambalo limenikosesha raha wiki nzima.

"Pasta, huyo Boazi alikuwa tajiri, alikuwa na shamba. Mimi nina karai moja. Nikikopesha, mtaji unaisha. Nikikataa, naambiwa ameokoka lakini ni mchoyo. Sasa nyinyi mnataka tufanye nini?"

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia tutaomba. Akacheka, kwa sababu anajua mchungaji akisema "tutaomba" pale mlangoni maana yake ni kwamba foleni nyuma ni ndefu. Basi haya ya leo ni jibu langu kwake, na kwa kila mmoja wetu mwenye kibanda, cherehani, tuktuk, au kazi ya familia inayoanzia jikoni nyumbani. Ni jibu lenye aibu kidogo ndani yake, nanyi mtaona kwa nini.

Mama yangu alikuwa na duka dogo upande wa Bondeni, hapa hapa kisiwani, hatua chache kutoka Mji wa Kale. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mbao lililofunguka njiani. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana sukari ya kupima, majani ya chai, mafuta ya kupikia ya kikombe, mche wa sabuni uliokatwa vipande ili hata mwenye shilingi chache asirudi mikono mitupu. Ramadhani ikiingia, kazi yote ilihamia jioni, kwa sababu wateja wetu wengi walikuwa Waislamu na walihitaji kitu cha futari. Sisi tulikuwa Wapentekoste wa kupiga kelele, na wao walikuwa wanaisikia sauti yetu ikiomba usiku, lakini pale dirishani hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali wapi. Aliulizwa anataka sukari kiasi gani.

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi nyumbani na shahada ya biashara na kichwa kikubwa. Mwaka huo huo mama alifanyiwa upasuaji wa mguu, akaenda kupumzika kwa dada yake Voi, na duka likaachwa mikononi mwangu.

Kitu cha kwanza nilichofungua ni daftari la madeni. Lilinishangaza. Majina yote yalikuwa kwenye ukurasa mmoja. Mengine yamekatwa kwa kalamu, mengine yameandikwa pembeni, lakini ukurasa ni ule mmoja, na kurasa zilizofuata zilikuwa tupu. Nikasema moyoni, huyu mama hana utaratibu. Nikajumlisha, nikaona kuna pesa nyingi kiasi zimelala kwa majirani, nikakumbuka kila kitu nilichofundishwa kuhusu mzunguko wa pesa. Kesho yake nikabandika karatasi dirishani: LEO TASLIMU, MKOPO KESHO. Mnazijua karatasi hizo. Mnajua pia kwamba hiyo kesho haifiki.

Mwanamke mjane aliyekaa nyumba ya tatu alikuja kuchukua unga kama kawaida yake, akasoma, akanitazama, akarudi. Hakusema neno. Mimi nikaona nimeshinda.

Pesa zilianza kuonekana, nami nilikuwa kiongozi wa vijana. Kanisani tulikuwa tunachangia viti vipya, na siku ya kutoa ahadi nikasimama nikasema, biashara ya familia yetu itatoa shilingi 20,000 kwa utukufu wa Mungu. Hebu niwape hesabu kama ilivyokuwa, kwa sababu hesabu haina upako wala haina shetani, ni hesabu tu. Siku ya kuleta ahadi ilipofika, faida halisi iliyokuwa mkononi ilikuwa shilingi 5,000, na hata hizo zilikuwa za mama. Zile 15,000 nyingine zilikuwa mshahara wa dada aliyekuwa anatukaangia mahamri. Alilipwa 7,500 kwa mwezi, na nilikuwa sijamlipa miezi miwili.

Dada huyu alikanda unga usiku, na alfajiri kabla ya adhana jiko lilikuwa limeshawaka. Mwezi wa kwanza ulipoisha alikuja kwa upole. "Kaka, mwezi umeisha." Nikamwambia, "Nivumilie kidogo, dada, kuna kazi ya Bwana tunaimalizia." Ndivyo nilivyosema, na naona haya kuyaandika. Mwezi wa pili alikuja tena. Nikamwambia njoo kesho.

Mwenye nyumba wake alitia kufuli kwenye mlango. Yeye na mtoto wake walilala kwa jirani wiki nzima. Jirani huyo alikuwa yule mjane wa nyumba ya tatu, niliyemnyima unga.

Jumapili ya viti jina la familia yetu lilisomwa mbele. Watu walishangilia. Dada alikuwa benchi la nne upande wa akina mama, nami nilimwona kwa macho yangu. Alipiga makofi.

Sasa tuingie kwenye Neno. Mambo ya Walawi 19 ni sura ambayo mfanyabiashara anapaswa kuisoma kabla ya kwenda kuchukua leseni ya kaunti. Mstari wa 9 na wa 10, Mungu anamwambia mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa. Aache kitu kwa ajili ya maskini na mgeni. Hapo ndipo Ruthu alipopata chakula, kwa sababu Boazi alikuwa mtu wa kuishika sheria hiyo. Mstari wa 13, mshahara wa mtu wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Mstari wa 35 na 36, mizani na vipimo viwe vya haki. (Majirani zetu Waislamu nao wana sura nzima katika Kurani inayowakemea wanaopunja vipimo, kwa hivyo asiwepo wa kuniambia mambo ya mizani ni ya Agano la Kale peke yake. Hapa Mombasa kila mtu ameshaambiwa na Mungu wake.)

Sisi tunaupenda sana ule mstari wa 9. Unahubirika. Kuacha pembe za shamba ni jambo la kupendeza, lina picha, lina Ruthu na ndoa mwishoni. Mstari wa 13 hatuuhubiri. Lakini ni sura moja, na mpangilio wake una maana. Pembe ambazo mwenye shamba anaambiwa aziache ni pembe za shamba lake mwenyewe. Torati haikumruhusu kuacha pembe za shamba la jirani halafu aitwe mkarimu. Na mshahara wa kibarua ni shamba la mtu mwingine. Ameshalilima. Ule mshahara ni pesa yake iliyolala mfukoni mwako kwa muda, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema usiku usiingie ukiwa bado uko huko, kwa sababu roho yake ameiegemeza hapo. Yakobo naye, katika sura ya 5 mstari wa 4, anasema mshahara uliozuiwa una sauti, unapiga kelele, na zinafika mbinguni. Nawaza hivi: siku ile kanisani kulikuwa na sauti mbili, makofi yetu na kelele za zile shilingi 15,000, na najua ni ipi iliyofika juu.

Jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba nililifundishwa darasani mwaka wa kwanza. Mwanafunzi yeyote wa uhasibu anajua mshahara ambao hujalipa hauwekwi upande wa mali, unawekwa upande wa madeni. Ni mkopo uliouchukua. Tofauti yake na mkopo wa benki ni kwamba huyu aliyekukopesha hukumwomba ruhusa, hakukuwekea riba, na yeye ndiye maskini kuliko wote wanaokudai. Kwa hivyo lile duka lililobandika karatasi kwamba halikopeshi, lenyewe lilikuwa linakopa. Lilikuwa linakopa kwa mtu aliyekuwa anaamka saa tisa usiku.

Najua kuna atakayesema, Pasta, lakini nia yako ilikuwa njema, pesa ilikwenda kwa Mungu. Nimejiambia hivyo pia. Tatizo ni kwamba Bwana Yesu amelijibu jambo hili kwa jina lake kabisa katika Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Walikuwako watu waliokuwa na wazazi wenye haki ya kutunzwa, nao walikuwa wanasema kile ambacho kingewafaa wazazi sasa ni korbani, kimewekwa wakfu kwa Mungu. Yesu hakusema nia yao ni njema. Alisema wanalitangua neno la Mungu kwa desturi yao. Yaani mtu anaweza kutumia madhabahu kukwepa deni. Unaweza kumficha mdai wako nyuma ya Mungu, ukidhani Mungu atasimama pale kama mlango.

Watu wa kusema kweli wataniuliza: je, mfanyabiashara mwaminifu si anafanya haya yote bila wokovu? Kulipa mshahara, kupima sawasawa, kurudisha deni, hayo si ya kila mtu mwungwana? Huduma iko wapi hapo? Ni swali zuri, na naona tumejizoeza kuliuliza vibaya. Tunadhani huduma ni kile kinachoanza pesa ikishatoka dukani: pale tunaponunua unga wa mayatima, tunapolipa karo ya mtoto wa mtu, tunapopigwa picha. Duka lenyewe tunaliona ni mashine ya kuzalisha pesa ya huduma. Boazi hakufanya hivyo. Soma Ruthu 2:4. Kabla hajamwona Ruthu, anafika shambani na kuwasalimia wavunaji wake kwa jina la Bwana, nao wanamrudishia baraka. Hao ni wafanyakazi wake. Watu wanaolala na njaa kwa sababu yako hawakurudishii baraka za moyoni, wanakurudishia za mdomo, kama yale makofi. Huduma ya Boazi kwa yule mgeni Mmoabu ilikuwa mwendelezo wa namna alivyokuwa akiliendesha shamba lake tangu zamani. Hakuanza kuwa mwema Ruthu alipofika.

Na tusifikiri haya ni mambo ya Bethlehemu peke yake. Mji wetu huu umejengwa na biashara za familia, na nyingi zilikuwa za watu wa imani nyingine ambao tunaweza kujifunza kwao bila kuogopa. Pita Biashara Street utakuta familia inayouza leso tangu 1887, wale wa "Mali ya Abdulla". Jina lao limechapishwa kwenye leso yenyewe. Mwanamke akiifua ikichuja rangi, anajua atamrudia nani. Nenda Treasury Square, uone sanamu ya Alidina Visram. Wengi wetu tunamjua kama jina la shule. Alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851, akavuka bahari akiwa bado mvulana wa miaka kama 12, akafanya kazi Bagamoyo kwa mfanyabiashara Sewa Haji, kisha akaanza kufungua vijiduka vyake kwenye njia za misafara. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa kwenda bara, kati ya 1896 na 1901, maduka yake yalifuata reli. Wengine walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Alifariki 1916, na mwanawe ndiye aliyejenga ile shule kwa kumbukumbu ya baba yake. Watoto wa kila kabila na kila dini wamepita pale, pamoja na baadhi yenu mnaosoma hapa.

Watu wakimzungumzia Visram husifu shule na misaada. Mimi kinachonivutia zaidi ni jambo jingine: alikuwa akiwapa wenye maduka wadogo bidhaa kwa mkopo, nao wakaenda kufungua mahali ambapo hakuna aliyekuwa amethubutu. Mtu anapewa mzigo wa nguo na chumvi, anaambiwa nenda, ukiuza utaleta. Kwa hivyo mkopo wenyewe unaweza kuwa huduma kubwa kuliko sadaka. Ukimpa mtu kitu bure leo, kesho atapita upande wa pili wa barabara asikutane na macho yako. Ukimkopesha na ukamwamini, anarudi akiwa mtu mzima, anaweka pesa mezani, mnasalimiana. Ila sanamu huonyesha kilichotolewa; daftari haikuonyeshi. Na biashara ya familia hupona au hufa kwenye daftari.

Hapo ndipo nilipomkosea mama yangu, kwa kudhani ukurasa mmoja ni ukosefu wa utaratibu.

Alinieleza baadaye. Kila jioni alipohesabu, pesa ilikuwa na safu yake. Kwanza ya unga na mafuta ya kesho, kwa sababu bila hiyo hakuna duka la kumsaidia yeyote. Pili ya dada, aliyoitoa kila siku kidogo kidogo akaifunga kwenye pindo la leso lake, ili mwisho wa mwezi isiwe na njia ya kupotea. Tatu ya mwenye nyumba. Nne fungu la kumi. Kilichobaki, baada ya chakula chetu, ndicho kilichokuwa nyuma ya ule ukurasa. Ukurasa ule ulikuwa na mistari ishirini na kitu. Ukijaa, haliingii jina jipya mpaka moja likatwe. Mtaa mzima ulijua. Aliyechelewa kulipa alikuwa anaambiwa na wenzake, sio na mama: "Lipa bwana, fulani anangoja mstari." Hata kama Mungu mwenyewe angekuja kukopa sukari, alisema mama akicheka, ningemwambia subiri mstari. (Msimripoti kwa mchungaji kiongozi.)

Yaani yeye, asiyemaliza darasa la nane, alikuwa ameshapima pembe za shamba lake. Alikuwa ameamua akiwa ametulia, jioni, taa ikiwaka, kwamba nitaacha kiasi hiki na sitaacha zaidi. Sisi wengine tunaamua pale dirishani, mtu akiwa amesimama na mtoto mgongoni, na huruma na aibu vikigombana, na mara nyingi aibu inashinda. Tunatoa ili tusionekane wabaya. Halafu hasara tunampelekea asiyekuwepo pale: mfanyakazi, muuzaji wa jumla wa Marikiti anayengoja pesa yake, mke ambaye hajanunuliwa gesi, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Hao ndio wanaolipia ukarimu wetu, na hakuna anayesoma majina yao mbele.

Kumbukeni yule mjane wa 2 Wafalme 4. Ilikuwa biashara ya familia kabisa: mama, wana wawili, mlango umefungwa, mafuta yanamiminwa. Mtungi mmoja mmoja, na mitungi yenyewe imeazimwa kwa majirani. Muujiza ukishatokea Elisha hamwambii alete sadaka ya shukrani kwa nabii. Anampa mpangilio: auze, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Mafuta yale yalitoka mbinguni moja kwa moja, na bado deni la mtu lilitangulia. Kama mafuta ya muujiza yalilipa deni kwanza, mahamri yetu je?

Kwa hivyo, mama yangu wa viazi karai, jibu langu ni hili. Pembe ya shamba la Boazi ni kubwa kwa sababu shamba ni kubwa. Pembe ya karai moja huenda ikawa mahamri matano kwa siku, au mistari mitatu ya daftari. Ipime wewe, si jirani, na usiniruhusu hata mimi nikupimie. Ikishaisha, mwambie mtu "leo hapana" kwa sauti ya kawaida, mkitazamana, bila kumpa ile "kesho" ambayo huna. Mithali 3, mstari wa 28, inatukataza kumwambia mtu aende arudi kesho ilhali kitu tunacho. Nami naisoma pia kwa upande wake wa pili: kama huna, usimfanye arudi. Na mdogo huo uliouacha, uache kwa heshima. Boazi aliwaambia vijana wake waangushe masuke makusudi, tena wasimwaibishe Ruthu. Kuna majina kwenye ule ukurasa ambayo mama alijua hayatalipa kamwe. Hakuyafuta akayaita sadaka. Aliyaacha kama deni, ili mwenyewe aje dirishani akiwa mteja.

Sasa neno kwa sisi tunaosimama mbele, na najua halitanifanya nipendwe kwenye kamati ya ujenzi. Tunapoita ahadi kwa sauti ya juu, tunapowasimamisha watu kwa viwango, tunawasukuma wengine wafanye nilichofanya. Wako wanaokopa kwenye simu Jumamosi usiku ili wasiabike Jumapili asubuhi. Wako wenye maduka ambao bahasha yao ina mshahara wa kijana wa watu. Katika Mathayo 5:23-24 Bwana Yesu anamwambia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale, aende kwanza. Hajali kwamba ibada itachelewa. Kwa hivyo Jumapili ijayo, kama unajua bahasha hiyo ina pesa ya mtu aliyekufanyia kazi, usiilete. Baki nayo, ukamlipe. Kiti kitasubiri. Tumekaa kwenye mabenchi miaka mingi na Roho Mtakatifu alikuwa anashuka vizuri tu.

Namalizia ile hadithi, maana mama wa mlangoni ataniuliza.

Dada hakumpigia mama simu. Aliyepiga ni yule mjane. Mama alipanda basi kutoka Voi na mguu wake haujapona, akaingia dukani mchana, akatoa ile karatasi yangu dirishani akaikunja. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Dada anadai ngapi?" Nikamtajia. Akafungua pindo la leso, akahesabu, akaongezea kutoka kwenye akiba yake ya hospitali, akamwita dada ndani akampa mkononi. Nilikwenda kumwomba dada msamaha jioni hiyo. Aliniambia, "Kaka, pesa nimepata, sina neno. Ile siku ya viti nilipiga makofi kwa sababu watu wote wanajua nafanya kazi kwenu, wangeniangalia." Alikaa nasi mwaka mmoja zaidi, kisha akafungua kibanda chake.

Usiku ule mama alifungua daftari, ukurasa ule ule. Kulikuwa na mstari mmoja tu uliobaki. Akaandika jina langu, na mbele yake 15,000. Yule mjane alikuja asubuhi kuomba unga, mama akamwonyesha ukurasa, akamwambia umejaa, jina la mwisho ni la mwanangu. Mjane akasoma, akacheka, akalipia nusu kilo taslimu.

Ilinichukua miezi mitano kulikata.